Mkono Usioungua

Msambweni, Kijiji cha Wagonjwa
Jumapili ya kwanza ya Majilio, 2 Desemba 1956

Kaka Mramba,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wifi yangu Dama na watoto. Mimi ni mzima kwa kadiri mtu wa huku anavyoweza kuitwa mzima. Niambie kama mvua ya vuli imefika Taru, na kama Mama bado anakwenda mwenyewe kuteka maji kule mwambani. Mwambie aache, magoti yake si ya kazi hiyo tena.

Leo tumeuanza mwaka wa kanisa. Kasisi wa huku huja mara moja kwa mwezi, na leo haikuwa zamu yetu, basi nimewasomea wenzangu sala mimi mwenyewe katika banda la kufungia vidonda. Tulikuwa wanawake wachache. Mmoja wao ni Mwanatumu, ninayelala naye chumba kimoja. Ni Mwislamu, mtu wa Diani, lakini huja kukaa mlangoni, kwa sababu anasema sauti yangu ya kusoma humletea usingizi mwema.

Nina habari. Juzi daktari alinipima tena. Unafumba macho, anakugusa huku na huku kwa ncha ya pini, nawe unasema panapouma. Tangu nilipoletwa huku mwaka jana, lile doa la mkononi limekuwa kama ngozi ya mtu mwingine niliyobandikwa. Juzi nilisema, "Hapo." Akagusa tena, nikasema, "Hapo, na hapo." Nikalia. Daktari akadhani ameniumiza sana. Nikamwambia ndiyo, umeniumiza, Mungu akubariki. Hivi vidonge vipya vinafanya kazi, Kaka, kwa yule anayevianza mapema.

Mwanatumu hakuvianza mapema. Aliujua ugonjwa wake siku moja akikaanga vitumbua nyumbani kwao. Alisikia harufu, akawauliza watoto ni nani anayechoma nyama asubuhi yote ile. Ilikuwa ni mkono wake, umeegemea chuma cha jiko. Husimulia akicheka. "Na mate yalikuwa yameshanijaa," husema.

Nimewaza leo kutwa kwamba labda huku ndiko kungoja kwa Majilio. Mwili uliokufa ganzi unangoja kuumia tena. Sijui kama ni wazo la Kikristo, wewe utanisahihisha.

Jambo moja. Je, jina langu bado linatajwa kanisani katika maombi ya wagonjwa?

Mdogo wako,
Mapenzi


Taru, 28 Desemba 1956

Dada yangu Mapenzi,

Marahaba. Sote tu wazima, na Mama anakusalimu kwa moyo. Mvua ilinyesha kidogo, mashimo ya mwamba yamepata maji, lakini mbuzi bado wamekonda. Barua yako ilifika juma moja kabla ya Noeli. Dama aliianika juani kutwa nzima kwa sababu ya ile harufu ya dawa mnayofukizia barua huko, nami nikaisoma jioni.

Nimefurahi kwa habari ya pini. Watu wa kanisa nao wanakusalimu. Wao bado wanaamini kwamba unafundisha huko Msambweni, na tumeona heri wabaki hivyo.

Sasa nikueleze alilotutendea Mungu. Katika ibada ya jioni ya kuamkia Noeli kanisa lilijaa hadi nje. Nilikuwa nasoma somo. Upepo ukaivamia taa kubwa ya mezani, moto ukaruka, kioo kikalegea kutaka kuangukia kitambaa cha meza. Nilikidaka kwa kiganja cha mkono wa kulia. Sikukitupa. Nilikishika hivyo, nikamaliza aya niliyokuwa nikiisoma, ndipo nikakiweka chini taratibu. Nilipoangalia, nikaona wananitazama mkono.

Sikuhisi kitu, Mapenzi. Hata joto.

Mzee Tembo, yule mzee wetu wa kanisa, alisimama akashukuru mbele ya wote. Alisema mkono ule umeguswa na Mungu. Watu waliimba, wengine wakalia. Tangu siku hiyo wanakuja kwangu kutoka hata Samburu, wanaomba niwawekee mkono kichwani. Kasisi wetu Kavumbi amepata habari, naye ameniandikia maneno mazuri juu ya utumishi wangu na mambo ya mbele.

Malengelenge yalitoka kidogo baadaye, Dama akayapaka asali. Hayaumi.

Tuombee.
Mimi kaka yako,
Mramba


Msambweni, Sikukuu ya Epifania, 6 Januari 1957

Kaka yangu,

Shikamoo. Mpe Mama salamu zangu, na Dama, na watoto. Sina habari nyingine ya kutanguliza. Nimejaribu kuitafuta, sijaiona.

Barua yako nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Nilitaka iwe kama ulivyosema. Nilipiga magoti nikamwambia Mungu, mfanyie Mramba muujiza huu, mimi nitaacha kuuliza maswali. Kisha nikamsomea Mwanatumu. Alikuwa anasuka ukili. Aliacha kusuka, akauliza, "Yaani hakusikia kabisa?" Nikasema kabisa. Akaniambia, "Pole, mwanangu," kama anavyoambiwa mtu aliyefiwa.

Kaka, unajua ninalotaka kusema. Tulikula sahani moja tangu utotoni. Tulijifunika shuka moja. Kilichonipata mimi kingeweza kukupata wewe, na hakuna dhambi ndani yake. Mwambie Dama achukue unyoya wa kuku. Wewe fumba macho. Akuguse kiganja cha kulia, kisha cha kushoto, nawe useme unapousikia. Ni hilo tu. Ukiusikia, nitakuomba radhi mbele ya Mzee Tembo na kanisa zima, hata kama itanibidi nisemee nje mlangoni.

Usipousikia, njoo. Usingoje. Mkono usiosikia hauozi kwa sababu ya ugonjwa peke yake, unaozeshwa na mwenyewe, kwa sababu hajui kuutoa motoni. Nimeiona huku kila siku. Ukija sasa, mkono utabaki mkono. Na watoto wapimwe.

Leo ni siku ya nuru. Nilitaka kuandika zaidi juu ya hilo, nimeshindwa.

Hukunijibu kuhusu jina langu.

Mapenzi


Taru, 7 Machi 1957

Dada Mapenzi,

Marahaba. Mama ana kikohozi lakini anakula. Dama na watoto hawajambo. Jua ni kali, mashimo yamekauka tena, wanawake wanapanga foleni kwenye tangi la reli. Ng'ombe wa jirani wanakufa barabarani, na malori hayasimami. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya safari za kanisa.

Jana ilikuwa Jumatano ya Majivu. Nilichoma mwenyewe makuti ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, nikasaga majivu. Waliokuja ni wengi kuliko mwaka wowote. Kila mmoja alitaka nimpake kwa mkono wa kulia.

Kuhusu ulilouliza, si kila kazi ya Mungu ina jina hospitalini. Wewe umesoma kuliko sisi sote hapa, na kusoma ni kwema, lakini jihadhari kusikutie shaka.

Usiandike tena habari za unyoya. Mama hunitaka nimsomee barua zako kwa sauti, na ile nililazimika kuruka ukurasa mzima nikibuni maneno.

Usijali mwandiko, nibu ya kalamu imechakaa.

Mramba


Msambweni, Ijumaa Kuu, 19 Aprili 1957

Kaka Mramba,

Shikamoo. Kikohozi cha Mama kimekwisha? Mwambie achemshe majani ya mkaratusi ajifukize. Barua mbili nilizokuletea katikati ya Kwaresima hukuzijibu. Labda ni mvua, barabara ya Likoni imekatika mara mbili. Labda si mvua.

Huku mwaka huu Kwaresima imekutana na Ramadhani. Mwanatumu anafunga, mimi nafunga, nasi tunatazamana mchana kutwa kama mbuzi wawili waliofungwa mti mmoja. Ananicheka kwamba mimi nakunywa maji. Nikamsomea barua yako ya Machi, akauliza, "Kaka yako bado ana muujiza?" Nikamwambia anao. Akaniinulia mkono wake, ule wa vitumbua. "Mwambie hata mimi nilikuwa nao. Umenila vidole vitatu."

Kaka, si nibu. Mstari wako unalala kushoto, na herufi ndefu hukuzifikisha juu. Unaishika kalamu kwa vidole viwili kwa sababu vingine haviikamati. Nimewafundisha kuandika watu wa huku wenye mikono ya namna hiyo. Nautambua mwandiko huo popote.

Leo tumekaa mbele ya msalaba tangu adhuhuri. Msalaba wetu ni vipande viwili vya mti wa mkanju alivyovipigilia mgonjwa mmoja wa upande wa wanaume. Nilitazama pale misumari ilipo. Nikajiuliza, kama Bwana angetundikwa pale asihisi kitu, ingekuwaje? Watu wangestaajabu sana. Wangemwita mkuu. Wangerudi majumbani wakisimulia, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angeokolewa. Aliuvaa mwili ili umuume. Alilia kwa sauti kubwa, wakamsikia hata waliosimama mbali. Wewe unawafundisha watu wa Taru kuabudu mkono usiolia.

Sikuandikii hivi kwa hasira. Ni hofu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusali, jikoni, kabla sijajua kusoma, na sasa sijui nikuombee nini. Kila sala ninayoianza inakuwa barua.

Nasema mara moja tu. Ikiwa mpaka Pentekoste hujaja kupimwa, nitamwandikia Kasisi Kavumbi mimi mwenyewe.

Mapenzi


Taru, 29 Aprili 1957

Mapenzi,

Kristo amefufuka. Mama amepona. Mvua imekuja, Mungu ashukuriwe, nyika imekuwa kijani.

Nakujulisha mambo mawili. La kwanza, Kasisi Kavumbi ameleta habari kwamba nitawekewa mikono kuwa shemasi, Mombasa, Jumapili ya Utatu. Baada ya miaka kumi na moja ya kuwasomea watu hawa, nitawashikia kikombe. Mama anashona kanzu kwa mkono wake mwenyewe, hataki fundi aiguse. Anaimba akishona. Hajaimba hivi tangu ulipoondoka.

La pili. Alfajiri ya Pasaka tuliwasha moto nje ya kanisa. Mtu mmoja, Chirau, mchungaji wa mbuzi, alikuja na mtoto wake wa kike, homa imemshika siku nyingi. Alikuwa akitaka kumpeleka hospitali Mombasa. Akaniambia, "Mwalimu, ukilishika kaa hili la moto ukamwombea, nitajua." Watu wote walikuwa pale. Nililishika kaa, nikaomba mpaka nikamaliza. Chirau alilia, akamchukua mtoto akarudi naye nyumbani.

Ungekuwepo, ungefanya nini? Ungemwambia nini yule mtu?

Ukimwandikia Kasisi, hutanitoa mimi tu. Watu hawa hawakuwa na kitu. Ukame uliwanyang'anya kila walichokuwa nacho, na mkono huu ndio uliowarudisha kanisani. Fikiri sana kabla hujatia kalamu wino.

Mramba


Msambweni, Sikukuu ya Kupaa, 30 Mei 1957

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba Mama anaimba. Nimefurahi kwa mvua.

Barua yako ilichukua wiki tatu. Ilipofika nilikuwa na homa, vidonge hufanya hivyo wakati mwingine, mwili wote unawaka. Mwanatumu ndiye aliyenilisha. Nilimwambia nimeamua nisikuandikie tena. Akasema, "Basi mwandikie umwambie hivyo." Ndivyo alivyo.

Umeniuliza ningefanya nini. Ningelishika kaa pia. Nimejichunguza usiku na mchana nikaona ningelishika. Mtu anayetazamwa hivyo, na mtoto mgonjwa mbele yake, ni vigumu aseme sijui. Kwa hiyo sikuhukumu. Lakini niambie, mtoto wa Chirau hajambo? Hukusema.

Leo Bwana amepaa. Nimewaza kwamba alipaa na makovu yake. Angeweza kuyaacha kaburini pamoja na sanda, hakuyaacha. Sijui mbinguni wanafanya nini na mikono mizima.

Sikuombi tena uje. Nakuuliza swali moja, unijibu kwa ndiyo au hapana. Ukiweka mkono wa kulia mezani, kidole kidogo kinanyooka?

Mapenzi


Taru, Jumatatu ya Pentekoste, 10 Juni 1957

Mapenzi, mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma palepale ilipofika. Sikuianika.

Hakinyooki. Wala cha pili yake. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, uuvumilie.

Mtoto wa Chirau alifariki katika juma lilelile la Pasaka. Nilipokuandikia alikuwa ameshazikwa, mimi mwenyewe nilimsomea sala kaburini. Mzee Tembo aliwaambia watu kwamba baba hakuwa na imani ya kutosha. Nilikuwa nimesimama pale, nikamwacha aseme. Chirau aliinamisha kichwa akakubali. Aliniomba radhi mimi, Mapenzi, kwamba ameuaibisha mkono wangu.

Tangu siku hiyo nilikuwa nalala bila kulala. Jumamosi, kabla ya Pentekoste, niliingia kanisani peke yangu mchana kweupe. Niliwasha taa ileile. Nikangoja kioo kikashika moto vizuri. Nikakishika, nikaomba. Nimeomba mengi maishani, kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya wafu, kwa ajili yako. Sijapata kuomba kama siku ile. Nilisema, Bwana, niumize. Kidogo tu. Niumize, nami nitajua hunitupi. Nikangoja. Nikasikia harufu, nikamkumbuka yule rafiki yako na watoto wake, nikatoa mkono.

Asubuhi yake, katika maombi ya wagonjwa, nilitaja jina lako. Uliuliza tangu Majilio, na jibu ni kwamba sikuwahi kulitaja tangu ulipoondoka, kwa kuwa wangeuliza ni ugonjwa gani. Jana nililitaja, nikautaja na ugonjwa kwa jina lake, ukoma. Kisha nikataja jina langu.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee Tembo alifunga kitabu chake akatoka, na wengine wakamfuata, akina mama wakiwavuta watoto kwa upande wa mbali nami. Dama alibaki kwenye benchi. Chirau alibaki. Alikuja mbele akasimama karibu kuliko mtu yeyote, akanitazama, akasema, "Kumbe ulijua."

Ningeweza kumwambia kwamba sikuwa na hakika. Nikamwambia, "Nilijua."

Naye akatoka.

Leo asubuhi wamelitoa benchi letu nje, wamelichoma. Mama ameikunja kanzu akaiweka sandukuni. Kasisi Kavumbi nimemwandikia mwenyewe, hivyo huna haja. Tutashuka na basi Jumanne ya juma lijalo, mimi na Dama na watoto, ili wapimwe. Mama hataki kuja. Mwandikie.

Kitanga cha kulia kimevimba, na kina rangi ambayo sitakueleza. Wa kushoto unauma kwa kuandika, haujazoea kazi.

Nilikukosea sana. Niombee.

Mramba


Msambweni, Jumapili ya Utatu, 16 Juni 1957

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Huenda ukapishana na barua hii njiani. Ikimkuta Mramba ameshaondoka, Mama, mtafute mtu mwenye huruma akusomee, na ujue kwamba sisi wawili tuko pamoja sasa. Usiache kujifukiza. Nitakuandikia kila juma.

Leo ndiyo siku uliyokuwa uwekewe mikono. Nimeikumbuka tangu alfajiri. Kasisi wa huku alikuwepo, nilipokea ushirika, nami nilipoona kikombe kinakuja nilitazama vidole vilivyokishika.

Ile barua ya kwenda kwa Kasisi Kavumbi sikuiandika. Niliposema nitaiandika sikuwa na hakika, na Pentekoste ilipofika nilikaa mbele ya karatasi mpaka chakula kikaletwa, nikaandika tarehe tu.

Nikueleze mambo ya huku, yasije yakakushtua. Wanaume wana upande wao na wanawake wao, katikati pana uzio, na hatutaruhusiwa kukaa pamoja ila kanisani. Watakunyang'anya nguo kwanza wazichemshe. Daktari atakuambia ukweli juu ya kitanga, hasemi uongo, na sidhani kama atauacha mkono wote. Usibishane naye. Kisha atachukua pini, atakuambia fumba macho.

Mwanatumu amekuwekea maandazi kwa jirani yake wa Diani aliye upande wa wanaume. Ameniambia nikuandikie hivi: mkono wa muujiza aukabidhi kwa daktari, wa pili ampe dada yake.

Siku ya Jumanne nitakuwa uzioni tangu asubuhi. Nitakuona ukipita hata kama hatutasemezana.

Kuhusu ombi lako. Umesema mkono wa kushoto unauma ukiandika. Nimeisoma sentensi hiyo zaidi ya nyingine zote. Sikuombei tena mvua wala kanisa wala watu wa Taru. Nimepiga magoti leo nikaomba neno moja tu, uendelee kuuma.

Mdogo wako,
Mapenzi